Duara la Izia

Malangali, Sumbawanga
9 Agosti 2024

Bibi Kusum,

Shikamoo. Hunifahamu, nami sikufahamu zaidi ya jina. Anuani yako nimepewa na Mzee Fabiani, yule anayeuza nguo katika duka lililokuwa la marehemu baba yako. Ameniambia kila Krismasi unamwandikia salamu, na kwamba simu hupokei siku hizi kwa sababu masikio yamegoma. Basi naandika, na bahasha naikabidhi kwa basi la Dar.

Mimi ni Kristiana Polikarp, mwenyeji wa Matai, mpima ardhi. Kwa sasa tunapima viwanja pembezoni mwa Izia, kule mji unakoanza kuingia mashambani. Wiki iliyopita tulirusha droni, na niliporudi ofisini nikafungua picha. Niliona mashamba, mapaa ya bati, na vile vilima vidogo vya majani yaliyofukiwa ambavyo sisi tunaviita ntumba. Katikati ya hayo yote nikaona duara.

Nilidhani ni kosa la kamera. Nikaunganisha picha upya, duara likarudi. Kesho yake alfajiri nikaenda kwa miguu, katika ukungu na baridi ile yetu inayokunja vidole, nikalikuta. Ni njia ya miguu iliyokanyagwa mpaka udongo umekuwa mgumu, nayo inazunguka mahali ambapo hapana kitu. Hapana mti, jiwe wala kaburi, ni majani tu. Watu waliokuwa wakienda zao walifika pale, wakazunguka, kisha wakaendelea na safari. Hakuna hata mmoja aliyekatiza. Nikamwuliza bibi mmoja, Bertila, ambaye shamba lake linapakana na pale. Akasema, "Hapo ni pa Wahindi wa dukani," akaendelea kupepeta ulezi wake.

Nakuuliza kwa sababu mchoro wa mtaa unapitisha barabara katikati kabisa ya duara lile, na ramani inasainiwa kabla ya mwaka kwisha. Kama pana mwenyewe, naweza kuikunja barabara. Kama hapana, nitainyoosha, na duara litakwenda na greda. Je, pale ni penu?

Tangu nilione silali vizuri. Naota nalizunguka na simalizi.

Wako,
Kristiana


Upanga, Dar es Salaam
19 Agosti 2024

Mjukuu wangu Kristiana,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikailaza chini ya mto nikalala juu yake, mwanamke wa miaka sabini na ushee, bila aibu.

Sumbawanga hatukuwa na hekalu. Familia zetu zilikuwa chache mno. Mama yangu, Lalita, alikuwa akimfinyanga Ganesh wake mwenyewe kwa udongo, mungu wetu mwenye kichwa cha tembo na kitambi, akampeleka nje ya mji na kumkalisha kwenye majani. Mvua zikija anayeyuka. Mama hakusikitika hata kidogo. Alisema Ganesh wa kwanza naye alifinyangwa na mama yake, Parvati, kwa taka za mwili wake mwenyewe akiwa anaoga, kwa hiyo udongoni ni kwao. Mvua zikikatika anamfinyanga mwingine. Kila alfajiri alinishika mkono tukaenda kumzunguka. Ukungu ulikuwa unatufika kiunoni, miguu yangu siioni, nadhani naelea. Sasa uniulize ni wapi! Nilikuwa mtoto, mkono wa mama ndio uliokuwa ukijua njia.

Wewe mwenye ramani utaipenda hadithi aliyokuwa akinisimulia tukizunguka. Siku moja Shiva na Parvati walikuwa na tunda moja na watoto wawili, Ganesh na ndugu yake Kartik. Wakasema, atakayeizunguka dunia nzima na kurudi wa kwanza atalila. Kartik akarukia tausi wake, akapaa, akavuka bahari na milima. Ganesh kipando chake ni panya, na tumbo unalijua. Akawaza kidogo. Akawaomba baba na mama wakae pamoja, akawazunguka taratibu, akasema, nimemaliza. Kwake yeye dunia ilikuwa imekaa pale. Akapewa tunda.

Nilikuwa na miaka tisa mama alipofariki. Kwetu wanawake walikuwa hawaendi kwenye kuchoma maiti, na watoto wa kike ndiyo kabisa. Nilifungiwa chumba cha nyuma cha duka, katikati ya majora ya vitambaa. Baba aliporudi nikamwuliza mama yuko wapi. Akasema yuko mbali, mtoni, ameshakwenda na maji. Sikuuliza tena. Mwaka uliofuata tukahama.

Ukutani kwangu huku nina ramani ya India, haina barabara wala mikoa. Inaonyesha tu mahali vilipoanguka viungo vya Sati, mke wa kwanza wa Shiva. Alipokufa, mumewe aliubeba mwili wake akitembea ulimwenguni kwa wazimu wa huzuni, nao ukaanguka kipande kipande. Hapa jicho, pale kiganja, na kila mahali wakajenga hekalu. Naitazama nikipika chai. Hata yule aliyetawanyika ana pa kwendewa. Mama yangu mimi hakuanguka popote.

Kwa hiyo nataka mno pale pawe petu. Nataka kabla sijafa nijue kwamba aliacha alama mahali fulani. Lakini sitaki nidanganywe na hamu yangu mwenyewe, maana uzeeni mtu anaweza kujiaminisha lolote. Nijibu jambo moja tu. Wakizunguka, katikati ya duara iko mkono wao upi? Mama alimweka mungu wake mkono wa kulia, siku zote.

Bibi yako,
Kusum


Malangali
1 Septemba 2024

Bibi Kusum,

Shikamoo. Nilisimama pale tangu alfajiri mpaka jua likapanda. Kisha nikawasha GPS mfukoni, nikawafuata nyuma, nikazunguka nao. Mstari uliotoka ndio huo nimeuchapa kwenye karatasi hii, na mishale inaonyesha mwendo.

Katikati iko mkono wa kushoto. Wazee kwa watoto, hata wenye baiskeli wanashuka na kuzikokota kuelekea huko huko. Nilimwuliza Bibi Bertila kama kuna wanaozunguka upande mwingine. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama kuna wanaotembea kwa mikono.

Nilitamani nikuandikie vingine.

Kristiana


Upanga
10 Septemba 2024

Kristiana,

Basi si petu.

Kwetu kuzunguka kushoto ni mambo ya maiti. Hufanywa siku moja tu, siku ya kuchoma, na baada ya hapo mtu hageuki tena upande huo. Kumzunguka mungu hivyo ni mkosi. Mama yangu asingefanya hivyo hata ndotoni, na mama alikuwa mtu wa ndoto nyingi. Hayo ni mambo ya watu wengine, Wahindi wametajwa tu kwa kuwa wazee hupenda kutaja Wahindi. Nyoosha barabara yako.

Na kwa kuwa wewe ni mpima ardhi, nikuachie hadithi ya mwenzako. Kulikuwa na mfalme, Bali, aliyemiliki kila kitu. Akamjia kibete mmoja, Vamana, akamwomba ardhi ya hatua tatu tu. Mfalme akacheka, akampa. Kibete akaanza kukua. Hatua ya kwanza ikaimaliza dunia, ya pili ikaimaliza mbingu. Akauliza, ya tatu niweke wapi? Mfalme akainamisha kichwa akasema, weka hapa. Kibete yule alikuwa mungu Vishnu mwenyewe, nasi tunasali kwake. Lakini tangu utoto nikimwona mtu na futi kamba namwangalia kwa jicho la pembeni.

Usiniandikie tena habari za pale. Mwandiko umepinda kwa sababu macho yananisumbua, si kwa jambo lingine.

Kusum


Malangali
6 Oktoba 2024

Bibi Kusum,

Shikamoo. Umenikataza nami navunja amri. Heri nikosee kwako kuliko kukosea huku.

Jana ulikuwa mkutano wa mtaa wa kupitisha mchoro, nje ya ofisi, watu wamekaa kwenye viti vya kukodi na wengine kwenye matofali. Nilipofika kwenye barabara nikasema nimemtafuta mwenye duara, nimempata, naye amekana. Wakataka ushahidi. Nikaisoma barua yako yote, hata pale pa mkosi. Unisamehe kwa hilo. Watu wakaanza kunong'ona, na mwenyekiti, Bwana Basil, akasema jambo limekwisha.

Bibi Bertila akasimama.

"Huyo mtoto hajui," akasema. "Huyo alikuwa amefungiwa ndani. Mimi nilikuwepo."

Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia. Alisema alikuwa ndiyo kwanza ameolewa pale. Mama yako alikuwa akipita kila alfajiri na mtoto mkononi, wanasalimiana, siku nyingine mama yako anamwachia kipande cha sukari guru. Kisha siku moja akapita amebebwa. Baba yako na wenzake wachache walimleta pale pale alipokuwa akimkalisha tembo wake wa udongo, wakapanga kuni. Baba yako akaja kwa Bertila kuazima chungu. Akakijaza maji, akakiweka begani, akaanza kuzizunguka kuni alizolazwa mkewe, katikati iko mkono wake wa kushoto. Kila akimaliza mzunguko mwenzake mmoja anakitoboa chungu kwa kisu, maji yanamchirizika mgongoni.

"Alikuwa peke yake," akasema Bibi Bertila. "Wale wenzake walisimama tu. Sisi tukaona, huyu baba anazunguka na msiba wake peke yake, hivi inawezekanaje? Mume wangu akaacha jembe, akaingia nyuma yake. Nami nikaingia. Na watu wa mashamba yale yote wakaja wakaingia. Yule baba aligeuka mara moja akatuona. Akakiangusha chungu nyuma yake kikavunjika, na mimi sikukidai."

Asubuhi iliyofuata baba yako alirudi kukusanya majivu akayapeleka mtoni. Kwa hiyo hakukudanganya sana, Bibi. Alikuficha mahali tu.

Nao wakaendelea. Mwaka ule mvua zilikuja vizuri, wakasema ni yale maji ya chungu. Kila mwaka kabla ya kusia ulezi, wanawake wanabeba chungu kilichotobolewa, wanazunguka kama walivyomwona yeye akizunguka. Hizo siku nyingine ni heshima tu. Wakwe wanawafundisha wakamwana, watoto wanafuata mama zao. Wengi hawajui hata ni kwa ajili ya nani.

Bwana Basil akaniuliza barabara inaweza kupita wapi. Nikamwambia ukweli: upande mmoja kuna nyumba, upande wa pili shamba la Bibi Bertila, tena pale penye rutuba. Bibi akasema, "Pitisha kwangu." Nikakumbuka yule mfalme wako aliyeinamisha kichwa.

Ila kuna mawili. Kamati inasema barabara haikunjwi kwa hadithi ya mtu mmoja wakati mwenye jambo mwenyewe amekana kwa maandishi. Wanataka neno lako kabla ya mwisho wa Novemba.

La pili ni la Bibi Bertila. Alinifuata baada ya mkutano, analia. Anauliza kama ni kweli miaka yote hii wamekuwa wakimfanyia mama wa watu mkosi. Nimemwambia nitakuuliza wewe.

Kristiana


Malangali
30 Oktoba 2024

Bibi Kusum,

Shikamoo. Mzee Fabiani anasema barua yangu iliyopita ilifika, ameuliza kwa watu wa basi. Sijui kama unaumwa au umekasirika. Naambatisha ramani yenyewe, ile kubwa. Barabara nimeichora kwa penseli, mara mbili, iliyonyooka na iliyokunjwa. Moja nitaifuta.

Bibi Bertila haendi tena kwenye duara. Anapita njia ya mbali na ndoo kichwani.

Kristiana


Upanga
14 Novemba 2024

Kristiana, mjukuu wangu,

Sikunyamaza kwa hasira. Kila nikishika kalamu nilijikuta niko kwenye kile chumba cha nyuma, nasikia harufu ya vitambaa vipya, na mlango umefungwa.

Ramani yako ilipofika nikamwambia dada anayenisaidia, Silvana, asogeze meza. Nikaitandaza sakafuni. Nikalitafuta duara kwa miwani nikalipata, dogo, nikaweka kidole juu yake, na sitakuficha, nilipiga magoti kwa shida na kuinuka kwa shida zaidi. Daktari amenikataza basi, na kusafiri kwa ndege moyo wangu hauna ruhusa. Basi nikasafiri pale sebuleni.

Nilijaza glasi maji. Nikashika fimbo. Nilianza kwa mkono wa kulia, kwa mazoea, kama nilivyofundishwa na mama. Kisha nikasimama. Nikageuka, nikamweka mkono wa kushoto, nikamzunguka kama maiti wanavyozungukwa, mimi mwanamke, niliyekatazwa. Maji yalikuwa yanamwagika kwa sababu mkono unatetemeka, sikuhitaji kisu. Nililia kwa sauti. Nimeishi miaka yote hii nikijua mama amekufa, lakini siku ile ndipo nilipomzika.

Silvana alirudi kutoka sokoni akakuta sakafu imeloa, ramani imeloa, na bibi kizee anazunguka. Alinifokea mpaka majirani wakachungulia. Ramani tumeianika kwenye kamba pamoja na mashuka. Kona ya Malangali imejikunja kidogo, unisamehe.

Sasa msomee Bertila hapa, polepole.

Bertila, si mkosi. Mkosi ni kumzunguka hivyo mtu aliye hai. Mama yangu alikuwa amekufa, na mtu alipaswa kumlilia. Aliyepaswa alikuwa amefungiwa ndani, ukaishika zamu yake. Mimi nimezunguka dunia kama Kartik. Nimekaa London, nimekwenda Benares, India, nikakodi mashua nikamwaga maua kwenye Ganga, mto wetu mtakatifu, kwa ajili ya mama ambaye hakuwepo pale. Wewe hukutoka Izia. Ulizunguka mahali pamoja tu, nawe ndiye uliyemaliza. Tunda ni lako.

Lakini hakuna msiba usio na mwisho. Matanga huanuliwa, kwenu na kwetu. Haya yamekaa mno. Mwaka huu kabla ya kusia, yaanue. Zunguka upande wako kwa mara ya mwisho, kisha geuka, umweke mama mkono wa kulia, kama yeye alivyomweka mungu wake. Na huko ndiko muende daima.

Na wewe Kristiana, waambie kamati kwamba nilikana kwa kutojua. Pale ni petu. Nikisema petu namhesabu na Bertila. Ile barabara iliyonyooka ifute kwa mkono wako. Jina la kuandika kwenye ramani sina, mchague nyinyi.

Kusum, binti Lalita


Malangali
15 Desemba 2024

Bibi Kusum,

Shikamoo. Ramani imesainiwa. Barabara inakuja imenyooka kutoka mjini, inafika kwa Bibi Bertila, inajikunja, inampita mama yako pembeni, kisha inaendelea. Atakayeitazama bila kujua atasema mpimaji alikuwa amelewa.

Jina halikuhitaji kuchaguliwa. Nilipouliza kamati, Bibi Bertila alishangaa. Akasema pale pana jina, tena la siku nyingi, wanawake wanalitumia wakiagizana kuni, ila hakuna aliyewahi kuwauliza. Nimeandika kama walivyonitamkia: Kwa Mama Kusum. Kwa hiyo na wewe ulikuwepo muda wote huo, Bibi.

Jana wamesia. Manyunyu yalikuwa yameanza na ukungu umekaa chini, watu tulionana vichwa tu. Bibi Bertila alitangulia na chungu kipya, kakitoboa mwenyewe. Akazunguka kushoto mpaka maji yakaisha. Akakiweka chini kwenye majani, hakukivunja. Akasimama.

Kisha akageuka. Nyuma yake ilikuwa vurugu tupu. Miguu ya watu haijui huko. Mama mmoja mnene akagongana na mwenyekiti, mbegu zikamwagika, watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Hata mimi nilikosea, na nina cheti. Bibi Bertila hakutazama nyuma. Alikwenda peke yake mikono mitupu, mkono wa kulia ameunyoosha kidogo kuelekea katikati, kama anayemshika mtu. Wengine wakajipanga, wakamfuata.

Alipomaliza akaniuliza Dar es Salaam iko upande gani. Nikatazama GPS, nikamwonyesha. Akageukia huko, akaweka viganja mdomoni, akaita kwa nguvu zake zote:

"Kusum! Toka nje sasa, mwanangu. Tumemaliza."

Wako,
Kristiana